Kazi Inayofanywa Mezani

Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilipotangaza mpango wa kutandaza kilomita 100,000 za faiba na kuweka vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, wengi walipiga hesabu ya pesa. Mimi nilipiga hesabu ya dakika. Aksesi pointi, kile kifaa cheupe cha Wi-Fi kinachobandikwa ukutani au kufungwa juu ya mlingoti, haitoki dukani ikijua inakwenda wapi. Lazima mtu aifungue, aipe jina, aibadilishie nenosiri, aichagulie chaneli na kuielekeza namna ya kuungana na wenzake. Mwepesi wa mikono humaliza moja kwa dakika 20. Zidisha kwa 25,000: dakika nusu milioni, zaidi ya saa 8,300. Fundi mmoja anayefanya kazi saa nane kwa siku, asiyeugua wala kwenda matangani, angehitaji siku zaidi ya 1,040 za kazi, yaani takriban miaka minne. Na hapo hajapanda ngazi hata mara moja.

Hakuna anayeifanya kazi hiyo kwa mkono hadi mwisho, angalau si mtu anayeipenda kazi yake. Ukifika kifaa cha kumi, vidole vimezoea na macho yamechoka, na hapo ndipo nenosiri la soko linapoandikwa kwenye kifaa cha zahanati. Kwa ajili ya jambo hili kumekua ufundi wa kuandaa vifaa vingi kwa pamoja kabla havijatoka ofisini, nao una mkosi mmoja: ukifanywa vizuri, hauonekani. Mteja humwona kijana aliye juu ya ngazi, mwenye drili mkononi na bisibisi kiunoni. Humpigia makofi yeye. Aliyekaa mezani siku chache kabla, akahakikisha kwamba kijana huyo hana la kufikiria huko juu ila skrubu, hayumo kwenye picha ya uzinduzi.

Meza ninayoizungumzia iko Sondu, katika chumba cha nyuma cha saiba ambayo upande wa mbele hupiga fotokopi na kuwajazia watu fomu za eCitizen. Ukitoka Kisumu unapita Ahero, unapita Katito, na barabara kuu ya Kisii inakufikisha kwenye soko lililokaa mpakani kabisa. Upande huu ni Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Upande ule ni Kericho. Na Rachuonyo ya Homa Bay haiko mbali. Mananasi yanashuka kutoka Sigowet, viazi vitamu vinatoka Kabondo, omena wanapanda kutoka ziwani. Kijaluo na Kikipsigis vinapishana juu ya mafungu hayo, na bei hupatanwa kwa Kiswahili. Mpaka huo umewahi kuleta machungu ambayo wenyeji hawahitaji kukumbushwa na mwandishi. Ninautaja kwa sababu mtandao wa soko kama hili hauwezi kuwa wa upande mmoja, na jambo hilo, kama tutakavyoona, liliingia hadi ndani ya jedwali la fundi.

Fundi mwenyewe ni mwanamke. Wenzake wa rika wanamwita nyaminwa, yaani dada yetu kwa Kijaluo; kijana anayemsaidia, Mkipsigis wa upande wa pili wa soko, anamwita dada. Kazi iliyokuwa mezani ilikuwa ya vifaa arobaini na kitu: vya soko, vya shule kadhaa, vya zahanati moja. Aliviandaa kwa mafungu ya kumi na viwili, kwa kuwa swichi yake inatosha kulisha kumi na viwili kwa wakati mmoja, kila kimoja kwa waya unaobeba data na stima pamoja.

Shida ya kwanza inataka kuelezwa polepole, maana ndiyo inayowashinda wengi. Aksesi pointi za aina moja hutoka kiwandani zikiwa zimefanana kwa kila kitu ila namba moja, ile iliyochapwa mgongoni: herufi na tarakimu 12, nusu ya kwanza ikimtambulisha mtengenezaji na nusu ya pili ikikitambulisha kifaa chenyewe. Lakini anwani ambayo kompyuta huitumia kuzungumza nazo ni ileile kwa zote. Kwa aina nyingi ni 192.168.1.1. Za MikroTik, kampuni ya Latvia, huja na 192.168.88.1. Za Ubiquiti zisipopata wa kuzipa anwani hujichukulia 192.168.1.20. Chomeka moja, mnaelewana vizuri. Chomeka kumi na mbili kwenye swichi moja kisha uite anwani hiyo, na zote zinaitika. Kompyuta inaanza mazungumzo na kifaa cha tatu na kuyamalizia kwa cha tisa. Unaamini umebadilisha nenosiri la hiki, kumbe umebadilisha la kile, na usiku unakukuta una vifaa viwili visivyofunguka na kimoja kisichoguswa kabisa.

Mzee mwenye duka la mbegu jirani aliingia kutafuta chenji, akasimama mbele ya meza akitazama taa zinavyopepesa.

"Nyara, intaneti imefika?"

"Bado, jaduong'. Leo tunazipa majina tu."

Mzee akaziangalia moja baada ya nyingine. "Hawa ni mapacha. Sasa Opiyo ni yupi na Odongo ni yupi?"

"Ndiyo shida yenyewe hiyo, jaduong'."

Alikuwa ameligusa jambo kuliko alivyodhani. Kwa Wajaluo pacha anayetangulia kuzaliwa ni Opiyo na anayemfuata ni Odongo, basi mkunga hana budi kukumbuka nani alianza kuonekana. Mezani hakuna aliyetangulia. Mkunga ana watoto kumi na wawili waliofika kwa mkupuo, sura moja, sauti moja, wote wakiitika jina moja.

Njia ya wanyonge ni kuchomeka kimoja, kukimaliza, kukichomoa, kuchomeka cha pili. Inafanya kazi, na kwa vifaa vitano sioni kwa nini mtu ajisumbue na nyingine. Njia yake yeye ilianzia kwenye swichi. Swichi ya kiasi kizuri inaweza kugawanywa ili kila tundu liwe mtandao wa peke yake, usiosikia lolote la jirani. Kutoka kwenye swichi hiyo waya mmoja unarudi kwenye kompyuta ukiwa umebeba mitandao yote 12, na kila pakiti ina namba ya tundu ilikotoka. Ndani ya kompyuta, inayotumia Linux, ametenga sehemu 12 zisizojuana. Kila sehemu inaamini kwamba duniani kuna 192.168.1.1 moja tu, na kwa upande wake ni kweli. Kisha skripti moja inaendeshwa mara 12 kwa pamoja, kila nakala ikizungumza na kifaa kilicho mbele yake bila habari kwamba kuna wengine.

Hapa nilibaki nikiitazama meza kwa muda. Hakupigana na kule kufanana kwa vifaa. Alikuwa amekifungia kila kimoja chumba chake, na ghafla kufanana kulikokuwa balaa kukawa faida, kwa sababu maneno yaleyale yanakubalika kwa vyote kumi na viwili.

Ana na njia ya akiba. Vifaa vingi vya siku hizi, hata kabla havijapewa chochote, hujitengenezea anwani ya aina mpya inayoanza kwa fe80, na mara nyingi hujitengenezea kutokana na ile namba ya mgongoni. Ukituma wito mmoja kwa ff02::1, anwani ya "wote mliopo hapa", kila kifaa hujibu kwa anwani yake mwenyewe. Mwito mmoja, majibu 12 yenye majina tofauti. Ni njia nzuri sana kwa macho, lakini baadhi ya vifaa huja vikiwa vimezimwa uwezo huo, kwa hiyo anaiweka kwa ajili ya vile vinavyokataa njia ya kwanza.

Watu husikia "kiotomatiki" wakadhani kazi ni kubonyeza kitufe. Nikimtazama nilielewa kwamba kubonyeza ni sehemu ndogo. Kazi kubwa ni kuamua kipi kifanane kote na kipi kitofautiane. Jina la mtandao lifanane soko zima, ili simu ya muuza omena itembee naye kutoka upande wa samaki hadi stendi bila kuulizwa nenosiri tena, na ivuke mpaka wa kaunti bila kujua kwamba umevukwa. Msimbo wa nchi ufanane, KE, ili kifaa kisipige kelele kwa nguvu isiyoruhusiwa hapa. Chaneli, kinyume chake, zitofautiane. Katika masafa ya 2.4 GHz, kwa kawaida ni tatu tu zisizokanyagana, 1, 6 na 11, basi majirani wawili wasipewe moja. Na nenosiri la msimamizi litofautiane kwa kila kifaa, hata kama hakuna atakayelikariri.

Hili la nenosiri si woga wa bure. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilienea duniani kwa kujaribu tu orodha ya majina na manenosiri sitini na kitu ya kiwandani, yale ya admin kwa admin, kwenye kamera na ruta ambazo wenyewe hawakuwahi kuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la vifaa hivyo liliishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani, na kwa saa kadhaa tovuti kubwa kubwa zikawa hazipatikani. Nyingi ya ruta hizo huenda zilifungwa na mtu aliyesema atabadilisha nenosiri baadaye.

Maamuzi hayo yote yanakaa katika jedwali. Skripti yenyewe si ndefu, na mtu mwenye subira anaweza kuisoma kwa kikao kimoja. Jedwali ndilo lililomtoa jasho. Kila kifaa kina mstari wake: namba ya mgongoni, jina, mahali, chaneli, nguvu ya kurusha, urefu wa waya kutoka kwenye swichi, ambao hautakiwi kuzidi mita 100. Ili ajaze safu hizo alitembea soko zima na kalamu. Aliandika paa lipi ni la mabati, kwa kuwa mabati hurudisha mawimbi. Kinu cha posho kiko wapi. Mti upi utakuwa na majani msimu wa mvua. Kuna safu moja ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha mitandao. Juu yake ameandika: "Nani anashika swichi."

Nilimuuliza maana yake. Akaeleza kwamba kifaa hula stima ya duka la mtu, na mwenye duka akifunga jioni huzima stima yote ya duka na kwenda nyumbani. Mtandao wa upande huo hufa saa moja usiku, na kesho yake watu wanasema Wi-Fi ya Sondu haina maana. Kwa hiyo, kabla ya kuchagua ukuta, alitaka kujua nani huzima stima na saa ngapi, na kama anakubali kuacha kitufe kimoja kikiwaka. Mahali pengine alihamisha kifaa duka la tatu kwa sababu hiyo tu. Aligawanya pia wenye funguo ili wasiwe wa upande mmoja wa mpaka. Mambo hayo hayawezi kuandikiwa skripti. Yanaulizwa kwa mdomo, kwa salamu ndefu, mara nyingine kwa soda.

Sasa turudi mezani, fungu likiwa linaenda. Skripti yake ni ya mtu mwenye mashaka. Kwanza inakiuliza kifaa: wewe ni wa aina ile ninayoidhani? Una famuwea, yaani programu inayokuendesha, ya toleo lipi? Faili ninalotaka kukupa, alama zake 64 za uhakiki zinalingana na zile zilizotolewa na watengenezaji? Jibu moja likipinda, inasimama hapohapo na kuandika sababu. Ikiridhika, inaandika famuwea mpya, inakiacha kifaa kijizime na kujiwasha, inasubiri. Kikirudi, inakipa mstari wake kutoka kwenye jedwali. Wengi huishia hapo. Yeye, baada ya kuandika, anakiambia kifaa kisome tena kila kilichoandikiwa, kisha analinganisha neno kwa neno na jedwali. Na ukiiendesha skripti mara ya pili juu ya kifaa kilichokamilika, inakikagua, inaona hakuna la kufanya, inakiacha kama kilivyo. Hiyo nayo ni adabu ya ufundi: fungu likikatika katikati, unaanza tena kutoka mwanzo bila kuogopa kuharibu yaliyokwisha tengenezwa.

Kwenye skrini mistari 12 ilikuwa inapanda, mmoja kwa kila tundu. Tundu la saba likaganda. Nilitegemea atashika kibodi. Alichomoa waya, akauinua kwenye mwanga wa dirisha, akatazama ncha. Uzi mmoja kati ya nane ulikuwa haujafika mwisho wa konekta. Akaikata, akazitandaza nyuzi upya kwa ukucha wa kidole gumba, akizitaja kwa sauti ya chini: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, buluu, nyeupe ya buluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Akazikata zilingane, akasukuma, akabana kwa koleo. Mstari wa saba ukaanza kupanda. Kwa mtu anayeweza kuigawanya kompyuta sehemu 12, bado jibu la kwanza lilikuwa kutazama shaba.

Kuna na jambo la saa, ambalo hunichekesha. Vifaa hivi havina betri ya kutunza wakati kama ile ya kompyuta. Vikizimwa, husahau leo ni lini, na vikiwashwa huamini kwamba bado ni tarehe famuwea yao ilipoundwa, pengine mwaka uliopita. Sasa mwambie kifaa kama hicho kijiunge na seva kwa njia salama: seva inaonyesha cheti kilichotolewa mwezi jana, na kifaa kinakikataa, kwa kuwa kwa kalenda yake siku hiyo haijafika. Ujumbe unaotokea husema cheti ni kibaya, na fundi mgeni anaweza kupoteza mchana mzima akichunguza cheti kisicho na kosa. Ndiyo maana pembeni mwa meza kuna kompyuta ndogo ya ukubwa wa kiganja ambayo kazi yake kuu ni kuwaambia wengine saa.

Stima ni habari nyingine. Mto Miriu unapita hapo karibu, na juu yake kuna mtambo wa Sondu-Miriu wa megawati 60, uliofunguliwa mwaka 2008. Tangu 2012 maji yaleyale, yakishatoka huko, huzungusha tena mtambo wa Sang'oro wa megawati 21. Sondu imeipa gridi jina lake. Hilo halizuii taa za soko kukatika. Kifaa kinachokatiwa stima katikati ya kuandikwa famuwea mara nyingi hakiamki tena, au kinaamka kwa kubembelezwa kwa zana maalumu, kwa hiyo meza nzima inakula stima ya betri na inveta. Na hata hivyo, mawingu yakishatanda upande wa Kericho baada ya saa nane mchana, haanzishi fungu jipya. Anafanya kazi ya lebo.

Zana hizo za kubembeleza zina umri. Kifaa kilichogoma hufufuliwa kwa itifaki ndogo ya kuhamisha mafaili iitwayo TFTP, ambayo maelezo yake yalichapishwa mwaka 1981, kabla hata ya Wi-Fi kuwazwa. Haina nenosiri wala uwezo wa kuorodhesha mafaili. Inajua kutuma na kupokea faili tu. Kwa sababu ni ndogo hivyo, inatosha kwenye kile kipande cha kumbukumbu kinachobaki hai mambo mengine yote yakiharibika. Napenda kwamba kitu kidogo namna hiyo hakijastaafishwa.

Famuwea anayoipendelea ni OpenWrt, na kisa chake kinastahili dakika moja. Mwaka 2003 watu waligundua kwamba ruta ya Linksys, WRT54G, ilikuwa inaendeshwa na Linux, na leseni ya Linux inamtaka anayeisambaza atoe msimbo wake. Linksys ikautoa. Mwaka uliofuata mradi wa OpenWrt ukaanza juu ya msingi huo, na leo unatumika kwenye vifaa vya watengenezaji wengi. Ndani yake kuna folda ambayo skripti zikiwekwa huendeshwa kifaa kinapowashwa mara ya kwanza, na zikifaulu hujifuta zenyewe. Fundi anaweza kuoka famuwea yake mwenyewe, maelekezo ya soko la Sondu yakiwa tayari ndani, na kifaa kikaamka mara ya kwanza kikijua kiko wapi.

Kampuni kubwa zina jibu jingine. Kifaa hutoka kiwandani kikijua namba ya seva ya mwenyewe ng'ambo. Ukikichomeka popote, hupiga simu nyumbani na kupewa maelekezo yake. Katika jengo la ofisi Nairobi, lenye faiba ukutani, sina la kuongeza. Lakini kando ya barabara ya Sondu kifaa hicho kinahitaji intaneti ili kiambiwe namna ya kuileta intaneti, na kijana yuko juu ya ngazi akisubiri bando la simu yake lipakue megabaiti kutoka bara jingine. Juu ya hayo kuna ada ya kila mwaka, kwa dola. Mimi naona mwenye meza ana hoja.

Kenya imewahi kuifanya kazi ya namna hii kwa ukubwa wa kutisha. Sensa ya 2019, iliyoanza usiku wa tarehe 24 Agosti, ndiyo ya kwanza nchini kutumia tabuleti badala ya karatasi: zaidi ya 160,000, zilizopatikana kupitia Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Jomo Kenyatta. Kila moja ilitakiwa kufika mikononi mwa mhesabuji ikiwa na programu ya maswali tayari. Wahesabuji waliobisha hodi usiku ule tunawakumbuka kwa vizibao vyao. Waliozipakia tabuleti zile programu hawakuvaa kizibao chochote.

Ukubwa huo una hatari yake. Kosa la mkono hukaa kwenye kifaa kimoja, lakini kosa la skripti huwa limeshafika kwenye vyote kabla chai haijapoa. Herufi moja ikikosewa katika jina la mtandao, una vifaa 40 vyenye kosa moja, vyote vikiwa vimekaguliwa na kupita, kwa sababu ukaguzi nao ulilinganisha na jedwali lenye kosa hilohilo. Dawa yake si ya kompyuta. Kwanza fundi wa Sondu anaandaa kimoja, anakifunga juu ya paa la saiba na kukiacha kilale huko, watu wakikitumia. Asubuhi akiridhika anaandaa vitatu. Kisha ndipo mafungu. Na msaidizi ndiye anayesoma jedwali kwa sauti, wala si yeye aliyeliandika, kwa maana aliyeandika husoma alichokusudia.

Vikishamalizwa, vifaa haviingii kwenye maboksi siku hiyo. Vinabaki vikiwaka usiku kucha, vimepangwa karibu karibu ili vipate joto. Vya kufa vifie hapo, palipo na kiti na taa, kuliko juu ya mlingoti penye nyigu. Asubuhi kila kimoja kinabandikwa lebo mbili, moja mgongoni na moja kwenye boksi, maana maboksi hubadilishana yaliyomo yakipakiwa kwenye boda boda. Jina ni la mahali, kwa mfano SND-SAMAKI-03, na chini yake, kwa kalamu ya wino usiofutika, maneno ambayo mtu wa ngazi anayahitaji kweli: "Ukuta wa kinu, juu ya dirisha, waya unatokea kushoto. Taa ikitulia, shuka."

Radi ndizo zinazomrudisha mezani mara kwa mara. Bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi duniani, na nondo ya kutuliza umeme ardhini husaidia lakini haiahidi chochote. Baada ya mvua moja kubwa ya jioni kijana aliingia na kifaa chenye harufu ya plastiki iliyoungua.

"Dada, SAMAKI-03 imekwenda."

Alishusha kingine kutoka rafuni, akakipitisha kwenye kisoma msimbo, namba ya mgongoni ikaingia penye mstari wa SAMAKI-03 badala ya ile ya zamani. Safu nyingine zote akaziacha. Akakichomeka tundu la kwanza, akaanzisha skripti, akaenda mbele kumhudumia mteja wa fotokopi. Kijana alikuwa hajamaliza chapati yake printa ilipotoa lebo. Kifaa kilikuwa na jina lilelile, chaneli ileile, ukuta uleule. Kilichobaki ni kumpigia simu mwenye ngazi, ambaye alikuwa amekwenda nayo Oyugis.